Usingizi wa Ziwa Elkwater

Solveig Tandberg alikuwa amechunguza mambo ya ajabu kwa niaba ya serikali kwa miaka mingi, na siku hizi hakushtuka kirahisi. Alifika Elkwater, mji mdogo wa kaskazini mwa Minnesota, kwa sababu kila alasiri mji mzima ulikuwa ukilala kwa pamoja.

"Ni supu hii tu," alisema mwenzake, Curtis Bohannon, wakiwa mkahawani. "Nzito kama godoro. Hata mimi naona…"

Hakumaliza. Solveig alisikia mvumo mwororo kutoka ziwani, kisha akajikuta anatembea chini ya maji ya kijani, nywele zikielea, na mtu asiyemwona akimwita kwa jina lake la utotoni.

Alipozinduka, shavu lake lilikuwa juu ya meza. Mzee mmoja alikuwa ameketi pembeni, akila pai yake taratibu.

"Mwenzako anakoroma vibaya," alisema mzee kwa sauti kubwa.

"Wewe hukulala?"

Mzee alimtazama midomo. Aliitwa Orrin Lundgaard, na baruti za machimbo ya chuma zilimfanya kiziwi tangu ujanani. "Mimi siitwi," alisema. "Njoo na mimi kesho, binti, lakini zibe masikio."

Kesho yake Solveig alijaza nta masikioni. Curtis alimcheka mpaka usingizi ukamkata kicheko, akalala ndani ya gari. Solveig na Orrin wakaketi kwenye gati la mbao, na haukupita muda, mwanga wa rangi ya maziwa ukapanda kutoka majini. Ukaenda mjini polepole, ukamwinamia kila aliyelala: mwenye duka juu ya kaunta yake, wasichana wawili nyasini, Curtis garini. Hakuna aliyeumia. Nyuso zao zililainika tu.

"Mwanga huo unachukua nini kwao?" Solveig aliuliza, akitamka polepole ili mzee amsome.

"Hachukui kitu. Anawatazama tu, kama mama anayepita vitandani." Sauti yake kubwa ilipenya nta. Orrin aliinamisha kichwa. "Akinifikia mimi anakuta niko macho. Ananipita."

Viganja vya Solveig vilikuwa juu ya mbao za gati, na hapo ndipo alipotambua kwamba zilikuwa zinatetema. Mvumo aliouzuia masikioni ulikuwa ukimpanda mikononi.

"Lala kifudifudi, mzee. Weka shavu kwenye ubao, mikono majini."

"Nikitumbukia je?"

"Nimekushika mkanda."

"Mkanda wenyewe mkuukuu huu," alinung'unika Orrin, lakini akalala. Mabega yakalegea. Pumzi yake ikawa ndefu.

Mwanga ulirudi kutoka mjini, ukasimama juu yake, ukakaa. Kamera ilikuwa inaning'inia shingoni mwa Solveig. Hakuigusa. Mkono mmoja haukutosha kumshika mzee, akatumia yote miwili.

Orrin alipoamka, machozi yalikuwa yamelowesha ubao.

"Nimemsikia mke wangu, Alma," alisema. "Ananiita, chakula kinapoa. Kakasirika vilevile kama zamani." Akacheka, akajifuta pua kwa mkono wa shati.

Mkuu wao alipouliza kama kuna hatari, Curtis alisema ni gesi ya ziwani. Solveig alisema hakuna hatari, na mambo yakaishia hapo.

Barafu ilipofunga ziwa, usingizi ulikoma, na majira ya kuchipua yalipofika haukurudi. Solveig alikwenda kumjulia hali Orrin, akidhani atamkuta mnyonge. Alimkuta anapaka rangi mtumbwi, akipiga mluzi usio na wimbo wowote.

"Na wewe?" aliuliza mzee, akimkagua uso. "Huko kwenu unalala?"

"Si sana."

Orrin aliweka brashi chini, akaingia ndani kumtandikia kochi karibu na dirisha. Jua lilikuwa bado juu. Solveig alivua viatu.