Mkono wa Bi Rumaitha

Pale Ibra walituita mashuyui, yaani makomunisti. Aliyeanza ni mwenye duka la simu, siku Azza alipomwambia mbele ya wateja kwamba kijana wake wa Kibangali naye anahitaji siku ya kupumzika. Jina likashika. Mrengo wa kushoto! Watu wenyewe tunakula kwa mkono wa kulia, tunaingia msikitini kwa mguu wa kulia, na gari letu la mapinduzi ni basi la skuli la Hud, lenye picha ya nyuki anayecheka ubavuni.

Tulikuwa wasichana wachache tu. Azza, mwalimu wa mazoezi, ndiye kiongozi. Huwaida wa duka la dawa alisimamia vifaa. Mimi Nahla nilikuwa adui. Kila Ijumaa asubuhi, katika shamba la mitende aliloachiwa Azza na babu yake huko Al Qabil, nilijifunga kilemba cha kaka yangu, nikajichora masharubu kwa wanja, nikawakamata wenzangu mikono na kuwaburura. Hud, kaka yake Azza, alikaa langoni na firimbi shingoni, maana mwanamume hakuwa na ruhusa ya kutuona tunavyoanguka.

Nilicheka mimi, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Iko ofisi moja inayoleta wafanyakazi wa nyumbani. Tulikwenda siku moja kuiomba pasi ya msichana wa Kimombasa aliyetaka kurudi kwao, tukatolewa kwa kuburutwa ngazini. Bega la Huwaida mpaka leo halipandi sawasawa. Tangu hapo Azza akasema hatutoki tena bila ya miili yetu kujua la kufanya. "Hatupigi mtu," alisema. "Tunajifunza kutoka tu."

Na sasa alikuwepo Kidawa wa kutolewa. Kidawa ni mtu wa Tanga, alikuwa akifanya kazi katika nyumba kubwa hapo Ibra. Mkataba wake ulikwisha, pasi yake ikafungiwa, na alipoiuliza mara nyingine akafungiwa yeye, stoo, pamoja na magunia ya mchele. Akatorokea dirishani. Tukamficha kwenye chumba cha udongo hapo shambani, angoje Jumapili, ofisi za huku zinapofunguliwa, Hud ampeleke Maskati kwenye ubalozi wa kwao apewe hati ya kusafiria. Ilikuwa ni kuvuka siku hizo tu. Akirudishwa kwenye nyumba ile, dirisha lile lingekuwa limeshajengewa.

"Mshike," Azza aliniamuru Ijumaa hiyo.

Nikamkamata Kidawa kwenye kifundo cha mkono. "Twende nyumbani, weye! Nani atapika biriani?"

"Kapike mwenyewe. Masharubu yako yanayeyuka."

"Usivute nyuma," Azza alisema. "Vidole vyake vinne ni ukuta. Mlango uko kwenye kidole gumba. Geuzia mkono wako huko, kiwiko rudisha mbavuni, toka."

Kidawa akageuza, akatoka, laini kama samaki. Kisha akanitazama. "Samahani."

"Kidawa!" Azza alishika kichwa. "Huombi radhi! Anakuteka, wewe unamwomba radhi?"

"Umri wake mkubwa kuliko wangu, dada."

"Kwa miezi," nikasema. "Lakini nimeipokea, ahsante."

Tulirudia mpaka mkono wangu ukawa mwekundu. Halafu tukafanya mnyororo: kwenye kijia chembamba kati ya kuta mbili za udongo tunasimama bega kwa bega, mikono imepitana kwenye viwiko, asipite mtu. Begi la Huwaida lilikuwa tayari ukutani, na bandeji, maji, chaja na tochi. Alisahau makasi, kwa hiyo bandeji tungekata kwa meno. Namba ya wakili tulishaiandika mkononi kwa kalamu isiyofutika. Sote tulinunua raba za kukimbilia. Ila chumbani kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka hakuna anayekanyaga na viatu, basi raba zote za mapinduzi zilipangwa mlangoni, na kandambili za buluu za Kidawa pembeni yake.

Siku hiyo maji ya falaji hayakuwa yetu. Ilikuwa zamu ya shamba la jirani, na mfereji wetu ulikuwa mkavu. Nilikuwa nimeizoea sauti yake, na bila ya hiyo shamba lilikuwa kama mtu aliyezuia pumzi. Ndiyo maana, tulipokuwa tumekaa chumbani kupumzika, sote tulilisikia gari. Lilikuja taratibu, likazimwa.

Kidawa akaingia nyuma ya pazia. Sisi tukangoja firimbi.

Firimbi haikulia. Tukasikia sauti ya Hud, tamu kama ya bwana harusi: "Karibu bibi, karibu sana! Taratibu, hapo pana jiwe."

Bi Rumaitha akaingia, ameshikwa mkono na mlinzi wetu.

Hakuna asiyemjua Bi Rumaitha. Alizaliwa Unguja, akaja Ibra msichana, na tangu hapo hapajakuwa na harusi wala msiba aliokosa. Ni mama wa mwenye ile nyumba kubwa. Alikuja na sahani ya halua, imefunikwa kwa kitambaa. Nje, kupitia mlangoni, nilimwona Firas, mtu wa ile ofisi, aliyetuburuta ngazini, ameegemea gari anachezea funguo.

Tufanyeje? Tukainuka. Mmoja mmoja tukainama, shikamoo bibi, shikamoo bibi, tukambusu mkono.

"Marahaba, wanangu. Nilikuwa napita barabarani, nikaona basi la nyuki chini ya mtende. Nikasema, haa, hilo si la wajukuu wa marehemu?" Akaketi juu ya mkeka. "Hud baba, kahawa ipo?"

Hud akaleta dele. Akamimina, bibi akanywa, akanyosha tena kikombe. Kwa desturi mgeni akitosheka hukitikisa kikombe, na mwenye kumimina huenda zake. Bi Rumaitha hakukitikisa. Hud, mwenye mwili kama friji, mtu pekee kati yetu ambaye Firas angemfikiria mara mbili, akabaki amesimama na dele mkononi.

"Mnafanya nini humu?"

"Mazoezi, bibi," Azza alijibu.

"Mazoezi mazuri. Na huyu mwenye masharubu?"

Nilikuwa nimeyasahau. "Ni mimi, bibi."

"Yamekukaa," alisema, na hakucheka. Akanywa. Macho yake yalikuwa mlangoni, yanapita juu ya viatu polepole, mpaka yakatua kwenye kandambili za buluu. Ndipo akasema, wala hakupandisha sauti, "Kidawa, mwanangu. Mkubwa kaingia, hunisalimii?"

Nilimwomba Mungu Kidawa awe amelala, au amezirai.

"Shikamoo, bibi," pazia likajibu.

"Marahaba. Njoo nikuone."

Akatoka, kichwa chini. Akapiga magoti, akaupokea mkono wa bibi aubusu, na ule mkono ukageuka, ukamshika kwenye kifundo. Mkono mkavu wenye hina kuukuu. Kidole gumba kilikuwa pale juu, sote tunakiona. Mtoto wa chekechea angetoka. Hatukuwahi kufanya mazoezi na mkono wa bibi.

"Twende zetu," Bi Rumaitha alisema. "Tangu uondoke chai haina hiliki."

Na Kidawa, wallahi, akamsaidia kuinuka.

Tukawafuata nyuma mpaka nje, miguu mitupu, kama tunasindikiza bi harusi. Kidawa aligeuka mara moja akanitazama. Sijaona uso ule tena kwa mtu, na siutaki. Hud alisimama mlangoni na dele lake, kahawa inamwagikia kidoleni bila ya yeye kuhisi.

Kwenye gari Bi Rumaitha alihitaji mikono yote miwili, mmoja wa kukusanya abaya, mwingine wa kushika mlango. Akamkabidhi Kidawa kwa Firas, vile mtu anavyomkabidhi mwenzake mwavuli. Firas akamdaka mkono.

Huo sasa ulikuwa mkono wa mwanamume asiye maharimu yake, wala si mkubwa wake kwa lolote. Nadhani Kidawa hakufikiri. Mkono uligeuka wenyewe, kiwiko kikarudi mbavuni, na Firas akabaki ameshika hewa.

Na hakuomba samahani.

Aliruka ndani ya mfereji mkavu wa falaji, akakimbia. Firas alipogeuka kumfuata kupitia kijiani, Azza akapiga kelele, "Mnyororo!" Tukafungana ukuta kwa ukuta. Alikuja mbio akasimama karibu nasi kiasi cha kunusa sigara yake.

"Tokeni."

"Pita," nikamwambia. "Ila itabidi utuguse."

Akatazama mikono yake. Firas alimkamata Kidawa bila ya kufikiri, maana kwake yeye mtumishi hakuwa mwanamke. Sisi, mabinti wa watu wa mjini, siku hiyo hatukuwa ngazini kwake, na bibi alikuwa anatazama. Nyuma ya chumba basi likanguruma. Hud alikuwa ameliweka dele chini hatimaye. Likatoka kwa lango la pili, kwenda kule mfereji unakokutana na lami.

Bi Rumaitha akaja taratibu mpaka mbele yetu. Hakuwa na hasira. Hasira ningeijua la kuifanya.

"Mmeumia, wanangu?"

"Hatujambo, bibi."

"Alhamdulillahi." Akamgusa Huwaida shavuni. "Mwana wa nani weye?"

Mikono yetu ilikuwa bado imefungana. Tungeweza kunyamaza. Lakini mkubwa amekuuliza ubini wako, unanyamazaje?

"Wa Marhun, bibi."

"Marhun wa Sur, mwenye duka la mbao? Anangoja leseni yake mpya, masikini." Akaenda kwa mwingine, na mwingine, na kila mmoja akamtaja baba yake, kwa adabu, kama skuli. Firas alikuwa ametoa simu, anaandika. Akafika kwangu. "Weye sikuulizi. Masharubu yamekutaja, sura ya babu yako ile ile. Baba yako bado yuko wizarani Nizwa?"

"Bado, bibi."

"Inshallah atabaki."

Alirudi mlangoni mwa chumba, akainama kwa tabu, akaziokota kandambili za buluu, akazipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio. "Hizi nitampelekea mwenyewe," alisema. Akiwa tayari kwenye gari akateremsha kioo. "Azza, shangazi yako wa Fanja hajambo? Msalimie."

Gari likaondoka taratibu kama lilivyokuja. Halua ilibaki juu ya mkeka. Hakuna aliyeigusa.

Ujumbe wa Hud ukafika: *Ninaye. Miguu inatoka damu. Tunakwenda kulala kwa shangazi Fanja.*

Azza akampigia. "Usiende Fanja! Usiende kwa mtu yeyote anayemjua Bi Rumaitha." Akasikiliza. "Sijui, Hud. Sijui ni nani asiyemjua. Endesha tu."

Basi la njano lenye nyuki anayecheka, kwenye barabara ya Maskati, mpaka Jumapili.

Simu ya Huwaida ikalia kwanza. Akaitazama, akakaa chini kwenye vumbi. Halafu ya Azza. Yangu ilikuwa ndani ya begi, chini ya bandeji.

"Usipokee," Azza alisema.

Lakini ni baba yangu. Hanipigii kamwe Ijumaa kabla ya kusali. Nikafuta masharubu kwanza kwa kiganja, kama vile angeyaona.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia.