Majivu kwenye Shamba la Mlali

Vumbi lilianza na lori. Lilikuja kutoka Hombolo mchana kweupe, likarudi nyuma hadi mlangoni pa zizi letu, na vumbi lake likaingia kwenye maji, kwenye unga, kwenye kope zangu. Wenye lori walifuata samadi ya kutilia zabibu zao. Biashara huria, walisema. Hata mavi ya ng'ombe sasa yana mteja.

Tukacheka, mimi na Noeli mume wangu. Tulicheka kama wajinga, shamba langu, na wewe ukisikia.

Samadi ya miaka saba ikapanda lori. Ushirika ulikuwa umeshakufa, mbolea ya bei nafuu imekufa nao, na sisi tukauza ile tuliyokuwa nayo bure. Mwaka uliofuata ukame ukawabeba ng'ombe. Nisamehe. Nasema nisamehe, na najua huna masikio.

Nikataka kukufuta machozi. Kila asubuhi nilizoa majivu mekoni, nikayabeba kwa ungo, nikakumwagia shimo kwa shimo. Mama mkwe alikuwa akimwagia maboga yake majivu, yakanona. Basi nikadhani kinachonenepesha boga kitanenepesha na mahindi. Msimu wa kwanza nilimwaga. Msimu wa pili nikazidisha.

Mahindi yakaota mafupi, kila jani na michirizi myeupe, mvi kwenye kichwa cha mtoto.

Nami nina mimba. Mimba hii inataka udongo, na wa sokoni haiutaki; inakutaka wewe. Nimekula kutoka kwako kila siku, kidole kwa kidole, macho nimefumba. Nakula, nawe huna kitu. Mtoto huyu anacheza kidogo kuliko alivyocheza dada yake, Witness. Naogopa. Naogopa mpaka meno yanagongana juani.

Jana William, bwana shamba, alishuka kwenye baiskeli, akang'oa mche mmoja.

"Mama Witness, umeweka nini hapa?"

"Majivu, bwana shamba. Mengi tu."

Akatazama michirizi ya majani, akafikicha udongo. "Hii ni njaa ya zinki, madini ya kukuza mmea. Zinki imo humu. Kidogo, lakini imo. Haya majivu yameifunga, mizizi haiwezi kuinyonya. Acha majivu, mama. Rudisha samadi."

Imo, na haishikiki. Nimekuziba mdomo kwa mikono yangu mwenyewe, shamba langu, nikidhani nakulisha. Rudisha samadi! Niirudishe kutoka wapi? Lori lilishafika Hombolo, na zabibu za watu zimenona.

Leo nimeingia zizini, zizi tupu. Nimekwangua chini kwa jembe bovu, nimefagia kila ufa, nimepiga magoti na tumbo langu hili, nikapata vumbi la samadi la kujaa pembe moja ya kanga. Limetosha mashina kumi na mawili. Kumi na mawili, na wewe ni ekari mbili.

Kwenye shina la mwisho mkono ukapanda wenyewe mdomoni, umeshika udongo wako. Mate yakanijaa. Mtoto akacheza, mara moja tu.

Nikaufungua mkono. Vumbi likashuka taratibu, likatua juu ya mizizi.

Kula wewe kwanza, shamba langu. Sisi wawili tutasubiri.