Mtungi Uliolala Ruiru

Mimi nikikasirika huwa nakaza nati hadi zinakatika, na mwaka ule wa tisini na sita nilikata nati nyingi. Sababu ilikuwa mtungi mmoja wa bluu, ambao ulikaribia kunitenganisha na Tahir, rafiki yangu tangu tulipokuwa watoto wa kaptula.

Mjomba wake ndiye aliyeuleta kutoka Dubai. Ndani mlikuwa na gesi ya naitrasi. Ukiifungulia injini kwa sekunde chache, pamoja na petroli ya ziada, gari linapata nguvu ambazo halikuzaliwa nazo. Tuliufunga nyuma ya kiti cha Datsun yake, katika gereji yangu pale Kiganjo, Thika. Nilimwambia Tahir tusikimbilie mambo, kwamba mtungi wa namna ile una vifaa vyake: geji ya kuonyesha presha, blanketi la umeme la kuupa joto lisilobadilika, na swichi ya kukata gesi petroli ikipungua. Mjomba hakuleta hata kimoja. Tahir akasema tutanunua baadaye, na baadaye ilipofika akanunua rimu mpya na stika za milangoni.

Kwa kuwa wezi walishaizoea gereji yangu, tulikubaliana mtungi uwe unalala kwao Ruiru, kwenye stoo ya mabati nyuma ya nyumba ya mama yake. Mama Leila, mjane wa fundi wa kuchomelea vyuma, hakuwa na neno. Aliuliza tu kama hicho kitu ni gesi, tukamwambia ndiyo.

Hapo ndipo akili yangu ilianza kuvurugika. Katikati ya wiki Tahir akiuleta mtungi tuujaribu, nao ukashinda uani kwenye jua nikimaliza kazi za wateja, Datsun iliruka. Lakini Jumapili, kwenye mashindano ya barabara ya vumbi kule Gatuanyaga, Tahir akija nao asubuhi moja kwa moja kutoka kwao, gari lilikuwa zito na lilitoa moshi mweusi. Mtungi ule ule, dereva yule yule. Niliubeba hadi kwa muuza viazi nikauweka kwenye mizani yake, nikakuta uzito wake uko sawa kabisa. Gesi ilikuwemo. Sasa nguvu zilikuwa zinakwenda wapi?

Mimi nilishuku Tahir anaogopa, kwamba hafungui koki yote. Yeye alinishuku mimi vibaya zaidi. Aliwaambia watu kwamba gari linakwenda vizuri likiwa mikononi mwangu tu, na kwamba huenda kuna dereva wa Gatuanyaga anayenisalimia vizuri kuliko kawaida. Nilipoyasikia yale maneno nilitupa spana hadi ng'ambo ya barabara. Chapati za Mama Leila nimezila tangu nikiwa shule ya msingi, halafu leo mimi ndiye msaliti.

Nikabadilisha jeti, kile kitundu kinachopima gesi, nikaweka kubwa ili gesi nyingi ipite. Ikiwa mtungi umeamua kuwa mnyonge siku ya Jumapili, basi nitaufungulia mlango mpana. Tahir alinitazama nikiikaza.

"Kiama, ikikataa tena Jumapili hii, napeleka gari kwa fundi mwingine," akasema. "Na kwetu usikuje tena."

Wiki hiyo hiyo dada yake, Leila, alijifungua huko Kahawa Sukari. Mama yao akaenda kukaa naye mpaka arobaini iishe, kama desturi yao inavyotaka.

Jumapili ilipofika, Datsun haikuwa nzito. Iliondoka kwa kishindo hata watu wakarudi nyuma, na mimi nikafurahi hadi macho yakalowa. Furaha haikufika kona ya pili. Nilisikia chuma kikigonga chuma, kisha moshi mweupe ukafunika kila kitu. Tulipofungua injini tulikuta pistoni imetoboka katikati. Gesi ilikuwa imezidi petroli, hilo nililiona kwa macho. Kwa nini siku hiyo na si siku nyingine, sikuelewa kabisa. Tahir alivua kofia yake ya chuma.

"Sasa nimeamini," akasema, bila kunitazama.

Alichukua mtungi wake akaurudisha kwao. Nilikaa wiki nyingi nikijiuliza swali lile lile, nikiwafokea wateja ambao hawakunikosea kitu. Arobaini ilipokwisha nikasikia Mama Leila amerudi. Nikaenda kumpa hongera ya mjukuu na kumuaga, maana nyumba iliyonilisha hivyo siwezi kuiacha kimya kimya. Nilimkuta mlangoni mwa stoo, jagi mkononi, akimwagilia maji gunia lililozungushwa kwenye kitu. Nikamuuliza ni nini.

"Si hii gesi yenu," akasema. "Baba Leila alikuwa anafunika mitungi yake na gunia ya maji, isishike moto ilipuke. Namwagia asubuhi na jioni tangu muilete. Jumapili naamka mapema naitoa gunia, naipangusa vizuri, ndio isilowanishe gari ya Tahir. Huko kwa Leila sikuwa nalala, nikifikiria vile jua inachoma hii mabati."

Gesi ile hufuata joto. Ikipoa inalegea, ikipata moto inasukuma. Jumapili zote mtungi ulikuwa umeogeshwa, ukaja Gatuanyaga ukiwa baridi. Jumapili moja tu mama hakuwepo, mabati yakaupika siku baada ya siku, na jeti yangu kubwa ilikuwa inaungoja. Geji ndogo tu ya presha ingetuambia haya yote siku ya kwanza.

Mama Leila aliona uso wangu, jagi likatulia. "Kiama, kwani nilikosea?"

Nilikuwa na maneno ya kunisafisha mbele ya Thika yote. Nilikuwa nimeyatamani kwa wiki nyingi, na yalikuwa pale pale kinywani. Nikaangalia mkono wake uliolowa hadi kwenye kiwiko.

"Hapana, Mama. Uliitunza."

Nilipogeuka nilimwona Tahir amesimama nyuma yetu, ufunguo wa geti bado mkononi. Alikuwa amesikia yote. Aliliangalia gunia, akamwangalia mama yake. Kisha akamchukulia lile jagi, akainama, akamalizia kulimwagia gunia maji pande zote, polepole, mpaka chini.

"Kiama," akasema akiwa bado ameinama, "ile geji uliniambia, inapatikana wapi?"

Nilikuwa na jibu baya tayari, na hasira ya kulitolea. Nikamwambia nitaulizia Nairobi. Mama Leila alikuwa ameshaingia jikoni kukanda unga, na alimwita Tahir alete kiti kingine.