Kiebrania cha Kumkasirisha Bibi Shulamit

…na hii ni mara ya tano, Wesley anarekodi ujumbe wa sauti, anafuta, jua la Lusail hapa Qatar linamchoma upara kama lina kesi naye, basi la wafanyakazi wa hoteli linanguruma mlango wazi, na maneno aliyotafsiriwa na simu na kuyapanga tangu asubuhi ni masafi, Kiebrania cha msomaji wa habari, "Bibi mpendwa, nakukumbuka kwa heshima kuu"… heshima kuu, kwani ni risala ya rambirambi, mtu angali hai, ni jana tu binti yake kaandika kutoka Haifa, mama hali chakula, haitiki, wiki mbili hajatoa neno, labda sauti yako, Wesley, wewe uliyemlisha miaka minne… "Mzee Wesley, yalla, panda, tunaiva huku!" huyo ni Cherotich wa mapokezi, na yalla ni lilelile, alidhani kaliacha Haifa kwa wauza nyanya viza ilipoisha, kumbe limemtangulia Qatar, yalla, twende, halas, basi imetosha, Kiarabu kilichojaa kwenye Kiebrania cha mtaani, na Wesley hajui kingine, darasani alikwenda siku tatu usingizi ukamfukuza, na bibi, mwalimu mstaafu wa lugha, akisikia "yalla, Bibi, tule" alikaa wima kama kachomwa sindano, "Nyumba hii hatusemi kama madereva wa teksi! Rudia!" naye anarudia vibaya zaidi, mara nyingine kusudi, maana akikasirika alikula, alimaliza bakuli zima akimsahihisha, kijiko, kosa, kijiko, kosa… "Uko sawa lakini?" Cherotich tena, "Niko sawa, dada, nakuja"… muongo mkubwa, ndivyo alivyomwambia bibi pia, kwamba atakuja kumwona Krismasi, na hii itakuwa Krismasi ya tatu, mtu mzima na kipara chake anaahidi kama mgombea udiwani, halafu leo ampelekee lugha iliyopigwa pasi, isiyo na kosa hata moja, bibi ataishika wapi, si ni kumfumba macho kabla ya wakati… afadhali ammwagie uchafu wote wa sokoni, kila neno alilokatazwa, na vicheko juu, kidole bado kiko juu ya kitufe, Cherotich bado anaita, ila sasa kaingiwa na hofu nyingine, maana ile hotuba safi ingepokewa kwa kimya na yeye asingejua kama bibi yule wa hasira bado yumo, lakini akiropoka hivi, ovyo kabisa, na binti ajibu kwamba bibi amesikiliza mpaka mwisho, ametulia, wala hakukunja uso kwa hata kosa moja…