Presha ya Kitinda

Jumanne, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, Kitinda alimfunga mama yake mkanda wa mashine ya presha kwenye mkono wa kushoto, akaiegemeza tableti kwenye kopo la sukari ili daktari asije akaongea na dari, kisha akarudi kwenye cherehani yake karibu na dirisha. Alikuwa na suruali ishirini na sita za sare ya shule za kubadilisha zipu kabla ya jioni. Mama akabonyeza kitufe. Mkanda ukajaa upepo kwenye mkono wa Mama, na mkono uliobanwa ukawa wa Kitinda.

Alikwisha kuzoea. Alijua aondoe mguu kwenye pedali mapema, maana mara ya kwanza mkono ulipobanwa ghafla alishona zipu ikapita juu ya mfuko, na mwenye duka la sare akamsema mchana kutwa. Alisubiri upepo utoke. Mashine ikalia, na namba zikaenda kwenye tableti, zikaenda kwa daktari, zikaenda pia kwenye simu za kaka mkubwa na dada wa kati, ambao waliishi mbali na kwa hiyo walimpenda mama yao sana.

Mashine ilinunuliwa kwa sababu rafiki wa dada wa kati alimnunulia mama yake. Mama mwenyewe hakuwa na tatizo. Alikuwa na miaka sabini na minane, alifundisha michezo shuleni mpaka alipostaafu, na kila asubuhi alishika mgongo wa kiti akachuchumaa na kuinuka mara thelathini, filimbi ikiwa bado shingoni. Akimtaka Kitinda, alipuliza mara moja. Akimtaka haraka, mara mbili.

Siku fundi alipokuja kuifunga mashine, Mama alikuwa bafuni, na Mama akiingia bafuni hatoki leo wala kesho. Fundi alikuwa na nyumba nne nyingine zinazomsubiri.

"Dada, lete mkono wako tu," alisema. "Ni majaribio."

Kitinda akatoa mkono. Tableti ikauliza kama huyu ndiye mgonjwa. Fundi akabonyeza ndiyo, kwa sababu hapana ilikuwa inafungua ukurasa wenye maswali kumi na tisa. Akashukuru kwa maji ya kunywa, akaenda zake.

Tangu siku hiyo mashine ilimfunga Mama na kumpima Kitinda. Wiki ya kwanza ilisoma mia na thelathini na nane kwa themanini na nane. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole na vifaa vya kusikilizia vilivyomkaa kichwani kama utepe, alisema presha imepanda kidogo. Dawa bado, kwanza tuone matunzo. Mama apunguziwe shughuli, na apimwe mara mbili kwa siku.

Basi Kitinda akachukua kazi za Mama: kufagia ngazi, kufua, kupanga foleni ya maji. Namba zikapanda. Daktari akasema Mama apimwe mara nne na apikiwe chakula chake peke yake, kisicho na chumvi. Kitinda akapika sufuria mbili, ya mwenye chumvi na ya asiye na chumvi, na Mama akala kutoka zote mbili. Namba zikapanda tena. Daktari akasema Mama asiachwe peke yake hata dakika kumi, na Kitinda akaihamishia cherehani chumbani kwa Mama, akawa anashona na kupima, anapika na kupima, na zipu zilizobaki anazimaliza alfajiri kabla Mama hajaanza kuchuchumaa. Alikuwa hoi. Kuna wakati alisimama jikoni na kijiko mkononi, asikumbuke kama alikuwa anaenda kukoroga au ndiyo kwanza amekoroga.

Mama ndiye aliyekata shauri la kuchunguza. Alivua mkanda, akaufunga kwenye chupa ya chai, akabonyeza kitufe. Chupa ikasoma mia na hamsini na tisa kwa mia moja, mapigo ya moyo tisini na nne. Akapuliza filimbi mara mbili.

"Hii presha ni yako," alisema. "Chupa haina moyo."

"Najua, Mama."

"Unajua na umenyamaza?"

"Nilikuwa na suruali za watu."

Ijumaa walimwonyesha daktari ile chupa. Daktari akaiangalia kwa makini, akaomba isogezwe karibu na kamera, akaandika. Alisema hutokea, wiki iliyopita aliona ndoo. Mashine humfuata yule iliyemjua kwanza.

"Kwa hiyo mgonjwa ni huyu binti yangu," alisema Mama. "Mtibu yeye."

"Mama, kwenye mfumo jina ni lako. Huyo dada simwoni."

Kitinda akainama mbele ya kamera akamwamkia. Daktari akaitikia vizuri tu, akamuuliza hali, kisha akaeleza kwamba kumwona anamwona, ila hana faili lake. Kubadilisha jina la mgonjwa kunahitaji idhini ya aliyeandikisha, naye ni kaka mkubwa.

Kaka mkubwa alipigiwa mchana huohuo. Alisikiliza mpaka mwisho, hata habari ya chupa, na hakubisha neno.

"Sasa Kitinda, fikiria mwenyewe," alisema. "Nafasi ni moja. Nikikuandikisha wewe, Mama anabaki hana daktari. Ndivyo unavyotaka?"

"Mama ni mzima, Kaka."

"Mzima na presha ya mia na hamsini na tisa? Una miaka arobaini na mitatu, mdogo wangu. Wewe jipumzishe kidogo ukipata nafasi. Hebu nipe Mama nimsalimie."

Kitinda akampa simu. Kule nyuma yake alimsikia Mama akifoka, akimwita mwanawe mkubwa kwa jina lake la utotoni ambalo hakulipenda, na kaka akicheka, akisema daktari alishaonya kwamba mgonjwa wa presha huwa mkali. Kitinda alitaka kulia, lakini wali ulikuwa unaanza kuungua, akaenda kuuepua.

Jumanne iliyofuata mashine ilisoma mia na sabini na nane kwa mia na kumi na mbili. Kitinda alikuwa amejishikiza kwenye meza ya cherehani, kisogo kinagonga, macho yanaona suruali moja kuwa mbili. Daktari hakucheza na namba hizo. Alisema sasa hivi, leo hii, mgonjwa aingie kitandani. Wiki tatu asiguse kazi yoyote. Asipike, asibebe, asisumbuliwe na mtu. Akarudia mara mbili, akasema hili ni suala la uhai.

Kitinda alisikiliza maneno hayo yote akiwa amefumba macho. Yalikuwa mazuri kuliko yote aliyoambiwa mwaka mzima. Kisha akatandika shuka safi, akamshika Mama mkono, akamlaza.

Mama alilala chali akitazama dari, amekasirika, miguu ikikanyaga hewa chini ya shuka. Alivumilia robo saa. Kisha akasogea ukutani na kupiga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Panda."

"Kuna nguo kwenye beseni."

"Mimi ndiye mgonjwa, au siyo? Mgonjwa asikasirishwe. Panda."

Kitinda akapanda na viatu vyake. Mama akamvua kimoja kimoja, akamfunika, akamwekea mkono kichwani kama alivyokuwa akimfanyia zamani, na Kitinda akalala usingizi mzito kwa saa mbili na nusu. Katikati ya usingizi huo ikafika saa ya kupima, na Mama, ambaye maisha yake yote alifuata ratiba, akajifunga mkanda na kubonyeza. Mia na ishirini na sita kwa themanini.

Simu ndiyo iliyomwamsha. Daktari alikuwa amefurahi mno, alisema mgonjwa anaitikia. Kabla hajakata, kaka mkubwa na dada wa kati wakaingia kwenye laini, wote wawili kwa pamoja, dada akilia kwa furaha. Alisema hakuna anayejua kumtunza mzee kama Kitinda, Mungu amempa mkono. Kaka akasema ndiyo maana wamekaa, wamejadiliana, wameona huu moyo usipotee bure. Shangazi yao hawezi tena kuishi peke yake, haoni vizuri na magoti yamekataa. Wameshamnunulia mashine yake. Atafika keshokutwa.

Kitinda alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anatafuta kiatu kwa mguu. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tatu.

"Ngazi anaweza kupanda?" aliuliza.

"Hawezi," alisema kaka. "Itabidi umbebe."

Mama alipuliza filimbi kwa nguvu zake zote, mara mbili, tatu, nne, karibu na simu. Kaka akasubiri amalize. Kitinda akapata kiatu, akakivaa, akauliza shangazi ana kilo ngapi.