Mate ya Wanaume wa Umuezugwu

Habari kwamba mate ya wanaume wa Umuezugwu yamekufa ilifika sokoni kabla Ugoada hajamaliza kuiandika katika tasnifu yake ya chuo. Ilimponyoka mama yake. Ugoada alikuwa amemweleza jikoni kwamba ndani ya mate ya binadamu mna kimeng'enya kiitwacho amilesi, na kazi yake ni kuukatakata wanga wa kiazi kikuu uwe sukari mtu angali anatafuna. Akaongeza kwamba alipopima maabara, mate ya wanawake yaliumaliza wanga kwa muda mfupi, ilhali ya wanaume yalikaa tu yakiutazama. Mama akamwomba arudie. Akarudia. Mama akajitwika kapu lake la okpa, ile mikate ya njugu mawe, akaenda kuuza.

Tangu siku hiyo wanaume wa kwetu hawakula kwa raha. Aliyelalamika kwamba kiazi hakikutwangwa vizuri aliambiwa kasoro iko kinywani mwake. Aliyechelewa kumaliza sahani aliulizwa kama atafutiwe mtu mwenye mate. Aliyewazidi wote kwa ulimi alikuwa Mama Ukamaka, mke wa Mzee Asogwa, mwenye ua mkubwa kuliko zote mjini. Alisema kisimani, watu wakisikia, "Wametutawala kwa mdomo tangu enzi za mababu, kumbe mdomo wenyewe mkavu." Mzee Asogwa, mtu wa cheo na kofia nyekundu, alikaa siku kadhaa bila kupita njia ya kisimani.

Chuoni hakuna aliyecheka. Kisukari kilikuwa kinawamaliza wazee wa upande wetu, na Profesa Ozioko, msimamizi wa Ugoada, alikuwa hajawahi kuona tofauti kubwa namna ile kati ya mate ya mwanamume na ya mwanamke. Aliona mlango wa kuuelewa ugonjwa huo umefunguka. Kwa nguvu ya matokeo hayo alimwombea Ugoada nafasi ya shahada ya uzamivu katika maabara kubwa ng'ambo, akajibiwa kwamba ipo moja. Alhamisi Ugoada atetee tasnifu yake. Akipita, nafasi ni yake.

Jumatatu walikaa wawili mbele ya mchoro. Nukta za wanawake zilikuwa juu, za wanaume chini, isipokuwa nukta moja ya mwanamume iliyopanda kukaa na wanawake. Ilikuwa ya Mzee Idoko, mmoja wa wazee wa Umuezugwu.

"Hiyo imechanganyika na ya mkewe," alisema Profesa. "Itoe."

"Kikombe nilimshikia mwenyewe, Profesa."

"Basi ana lake. Kila shamba lina gugu, mwanangu. Ling'oe, ukalale."

Ugoada hakuling'oa. Kesho yake alirudi Umuezugwu, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Idoko, akamkuta barazani akimenya mbegu za maboga. Mzee alifurahi kupata mgeni. Akaagiza kola, ile kokwa chungu ya kumkaribishia mgeni, akaiombea, akaivunja, akampa Ugoada kipande. Kipande chake mwenyewe akakitia mfukoni mwa shati.

Ugoada akamwuliza kwa nini hali.

Mzee Idoko akafungua kinywa. Fizi tupu, nyekundu kama za mtoto mchanga. "Kola naipokea kwa mkono tu, binti yangu. Anayeila ni mke wangu."

"Hata siku ile ya mate, nyumbani kwa Mzee Asogwa?"

"Siku ile niliondoka na vipande vitatu. Wenzangu walitafuna mpaka midomo ikabadilika rangi. Mimi nikala harufu."

Hapo Ugoada alianza kuona. Siku ile alipoingia kwa Mzee Asogwa na vikombe vyake, hakuruhusiwa hata kutaja shida iliyomleta. Kwetu mgeni hasemi neno kabla ya kola. Sahani ilizunguka kwa wanaume kwa kufuata umri, wakala, ndipo akaambiwa aseme. Wanawake aliwapima uani nyuma, jikoni, ambako sahani ilikuwa haijafika.

Lakini aliwapa wanaume maji wasukutue kwanza. Akamkumbusha Mzee Idoko hilo.

Mzee akacheka hadi mbegu zikamwagika. "Walisukutua, ndiyo. Kisha wakameza. Wewe ulitaka watu wazima wateme kola ya mwenyeji mbele ya mwenyeji?"

Naye Ugoada hakuona wakimeza. Alikuwa amegeuza uso pembeni, kama alivyolelewa, maana binti hamkodolei mzee macho akiwa na kitu kinywani.

Maabara alifanya jaribio ambalo hata mwanafunzi wa sekondari angeliweza. Alichanganya uji mwembamba wa wanga na matone ya iodini ukawa na rangi ya buluu iliyoiva, akaugawa katika neli mbili. Ya kwanza akaitemea mate matupu. Buluu ikafifia, ikaisha. Kisha akatafuna kola, akasukutua, akameza maji, akaitemea ya pili. Buluu ikabaki pale pale. Amilesi ilikuwemo, ila ukakasi wa kola ulikuwa umeifunga mikono. Alirudia na wasichana watatu wa bweni lake, na kila mara buluu ya kola haikuondoka.

Wanaume wa Umuezugwu hawakuwa na kasoro yoyote. Aliyelijua hilo ni yeye peke yake, na kibogoyo mmoja asiyejua kwamba analijua. Nukta moja ikifutwa, Alhamisi ingepita salama, na wa kuifuta alikuwa ameagizwa na mkubwa wake.

Jumatano alizipeleka neli ofisini kwa Profesa, akamweleza. Juu ya meza palikuwa na sahani ya kola, kama siku zote. Profesa akaitazama sahani, akaisogeza mbali kidogo.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi."

"Na kutetea ni kesho."

"Ndiyo, Profesa."

"Mimi nilikwambia ung'oe. Ungeng'oa, lawama ingekuwa yangu."

"Na wazee wangeanza kutibiwa ugonjwa wasiokuwa nao," alisema Ugoada. "Wa kwanza baba yangu."

Profesa akachukua simu, akaahirisha utetezi. Akampigia na mkuu wa ile maabara ya ng'ambo, akasema matokeo yamefutwa, wachukue mtu mwingine. Alipomaliza alimwambia Ugoada wazi kwamba nafasi ile imekwenda na yeye hana nyingine mfukoni. Ugoada akasema anajua. Profesa akamwagiza apime upya, alfajiri, kabla mtu hajatia kitu kinywani.

Kuwaeleza wanaume lilikuwa jambo jepesi. Walimsikiliza kwa makini kuliko mahakamani. Shida ilikuwa kumpata mwenyeji atakayekubali kuonekana na mgeni asiyepewa kola. Dawa aliitoa Mzee Asogwa. Kwetu, mtu hasalimii wala hasemi asubuhi kabla hajaosha kinywa. "Njoo wakati huo," alisema. "Usinisalimu. Ukinisalimu tu, umekwisha kuwa mgeni, na mimi siwezi kukaa na mgeni mikono mitupu."

Akaja alfajiri, akaingia uani kimya kama mwizi. Mzee Asogwa alikuwa kigodani, kofia yake nyekundu kichwani ingawa jua lilikuwa halijatoka. Akapokea kikombe, akatema. Ugoada akachota mate, akayatia katika neli ya buluu, wakakaa wakiitazama wote wawili. Buluu ikawa zambarau, zambarau ikawa kahawia hafifu, kahawia ikaondoka. Neli ikabaki nyeupe kama maji ya mvua.

Mzee Asogwa akanyoosha mkono, akaichukua. Akainuka, akaenda nayo hadi jikoni, ambako Mama Ukamaka alikuwa anakoka moto. Akaisimamisha neli juu ya kinu, mbele ya macho yake, akangoja.

Mama Ukamaka akaitazama. Akafungua kinywa, akakumbuka kwamba hajakiosha, akakifunga.

Mzee akaichukua neli yake, akamrudishia Ugoada. Akaenda kwenye mtungi, akasukutua mara tatu kwa kelele, safari hii akatema. Kisha akarudi kigodani, akamsalimu Ugoada kwa jina lake kamili na la baba yake, akaagiza kola.