Sauti ya Bati

Tšeliso akishashika jambo lake, hata umvute na trekta haachii. Safari hii alikuwa ameshika kwamba maksai wake wawili wa kulimia watauzwa kwenye mnada wa Ijumaa ya wiki ijayo, ili dada yake Mpolokeng anunuliwe programu ya kompyuta. Majina yao alikuwa ameshayaandikisha kwa karani wa mnada, na pesa angekopa kwanza.

Mpolokeng alikuwa karani wa shule ya sekondari pale Mafeteng kwa miaka kumi na mitano, mpaka presha ya macho ilipomwachia giza tupu. Mkuu wa shule, bwana mwenye haraka zake, alimpa hadi Jumatatu. Aje aandike barua na kupanga orodha ya watahiniwa peke yake kwenye kompyuta, la sivyo kiti chake kinapata mtu mwingine. Ndiyo maana asubuhi ile ya baridi kali kaka na dada walikuwa wamejifunika mablanketi yao katika chumba kidogo cha chama cha wasioona, mbele ya mwalimu Relebohile.

Relebohile hakuzaliwa na macho ya kuona, lakini alizaliwa na mdomo, jamani.

"Programu za kusoma skrini ninazo mbili," alisema. "Zote zinakusomea kilichoandikwa. Hii ya kwanza inauzwa, na bei yake, ntate, baba yangu, shika kiti kwanza. Ya pili ni bure. Waliianzisha watu wasioona wenyewe, kwa ajili ya wenzao."

"Bure?" Tšeliso aliguna. "Kitu cha maana nani atakupa bure?"

"Sikiliza kwanza, matusi baadaye."

Akawasha ile ya kuuzwa. Lo! Sauti ya mama mmoja mtulivu, laini, utadhani anasoma matangazo kanisani. Tšeliso akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha ikaja ya bure: sauti kavu, ya puani, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa.

"Sasa hiyo ndiyo nini? Itamtia dada yangu wazimu kabla ya Krismasi!"

"Kaka, tulia," Mpolokeng alisema.

"Situlii! Nina maksai wawili wazima zizini. Dada yangu hasomewi na bati."

Relebohile alifungua mdomo amjibu, akaufunga. Alikuwa amesikia kwamba ile haikuwa hasira.

Na kweli haikuwa. Miaka mitatu iliyopita Mpolokeng alimwambia kaka yake kwamba anaona duara la rangi kuzunguka kila taa, akaomba ampeleke hospitali Maseru. Ulikuwa msimu wa kulima. "Ngoja tumalize kulima," Tšeliso alimjibu, "macho hayaendi popote." Walipomaliza kulima wakapanda, wakapalilia, na walipofika hospitali daktari aliwauliza walikuwa wapi siku zote hizo. Shamba lile lililimwa na maksai hawahawa. Tangu siku ile Tšeliso alikuwa akipita zizini ameinamisha kichwa.

"Mwalimu," Mpolokeng alisema, "ziongeze kasi. Zote mbili."

"Hapo sasa umeuliza swali la karani," Relebohile alisema. "Ukisikiliza kwa mwendo wa maongezi, barua moja itakuchukua kutwa nzima."

Akaongeza. Ile sauti tamu ilipokimbia, maneno yake yaligandana kama papa, ugali wa kwao, uliokosa maji. Akaongeza ile ya bati. Kwa Tšeliso ilikuwa kelele tu za mahindi yanayomwagwa kwenye ndoo. Lakini Mpolokeng alikuwa ameinama, midomo inacheza.

"Kikao cha wazazi," alisema polepole. "Tarehe kumi na mbili. Wazazi wote waje na... na vitambulisho. Kaka, naisikia! Kila neno limesimama peke yake. Nachukua hii."

"Unanihurumia wewe."

"Nakuhurumia kwa lipi?"

Mpolokeng akapapasa mpaka akapata mkono wa kaka yake.

"Wewe hutaki kuninunulia programu. Unataka kunilipa macho."

"Nilikwambia ngoja," Tšeliso alisema.

"Uliniambia. Na mimi mtu mzima, nauli ninayo, nikangoja, kwa sababu nilimwogopa daktari. Nilikukasirikia, sikufichi. Mwaka mzima nilikukasirikia. Imekwisha, kaka. Sasa ukiuza maksai, mwakani tutakula ile sauti tamu?"

Relebohile alijifanya anatafuta kitu mezani.

Siku tatu mfululizo Mpolokeng alishinda na lile bati lake, mpaka watoto wa nyumbani wakaanza kuliigiza. Tšeliso naye hakwenda mnadani kufuta majina ya maksai. Alijiambia Jumatatu ikienda vibaya, atauza tu, dada apende asipende.

Jumatatu alisimama nje ya ofisi ya shule, blanketi limefika masikioni. Ndani kelele za mahindi zilianza, zikaendelea, zikakatika. Mlango ukafunguliwa, akatoka mkuu wa shule akikuna kichwa.

"Mimi nilidhani mashine imeharibika," alisema. "Kumbe anasoma! Amemaliza hata chai sijanywa. Na ameniambia orodha yangu ina mtoto niliyemwandika mara mbili." Akampa Tšeliso karatasi iliyokunjwa. "Hii amesema ni yako."

Tšeliso aliikunjua. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, bila kosa hata moja, kama barua zake za zamani.

*Kaka, safari hii usingoje. Mvua ikianza tu, lima.*

Aliisoma, akairudia, akafuta uso kwa pembe ya blanketi. Kisha akashika njia ya mnadani kwa mwendo wa kukimbia, amuwahi karani wa mnada kabla hajafunga, ayafute majina ya maksai wake.